Swali la Kumi na Saba

Kwenye karakana ya vioo walimwita Msafiri, na si kwa sababu aliwahi kwenda mbali. Maisha yake yote hakuwahi kulala nje ya mji ule zaidi ya siku nne, na hizo nne zilikuwa za msiba. Jina lilimpata kutokana na tabia yake ya kusimama katikati ya kazi, kioo mkononi, macho yametua mahali ambapo hapana kitu, mpaka mwenzake amguse bega.

"Msafiri, umefika wapi?"

"Bado niko stendi," alijibu siku zote, bila kukasirika. "Gari halijajaa."

Kisha aliendelea kukata. Mvivu hakuwa, na katika kukata hakuna aliyemfikia. Aliweka rula, akapitisha kalamu ya almasi mara moja tu, ikatoka sauti nyembamba kama mtu anayechana karatasi chumba cha pili, akagonga kwa kidole, na kioo kikaachana taratibu bila ugomvi. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo meupe ambayo binti yake mdogo alipenda kuyahesabu, na kila akihesabu alipata idadi tofauti.

Tatizo la kazi ile ni kwamba inakuingiza ndani ya nyumba za watu. Asubuhi uko sebuleni kwa daktari, mchana uko chumba cha watoto wa mfanyabiashara, na kote huko kazi yako ni moja, kuingiza mwanga. Kila alipomaliza kupachika kioo na kulainisha putti, ule udongo wa kushikia kioo, kwa kidole gumba, Msafiri alirudi nyuma hatua mbili kutazama, na hapo hapo alihamia. Aliweka kitanda pale, meza hapa, binti yake mkubwa karibu na dirisha na vitabu vyake, mdogo sakafuni, mkewe mlangoni akiuliza kama chai inywewe ndani au nje. Kwa hesabu ya mawazo, alikuwa amekwisha kuishi katika nyumba zisizopungua mia tatu. Jioni alirudi kwenye vyumba viwili vya kupanga, katika uwanja wa kaya sita na bomba moja, ambako dirisha la chumba cha kulala lilitazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono. Mchana wa jua kali, mle ndani ilibidi uwashe taa ndipo uone kama umevaa soksi zinazofanana.

Mkewe alishona sare kiwandani. Huko walimwita Sindano, wengine kwa sababu ya umbo lake, wengine kwa sababu ya ulimi. Alishona mikono ya makoti, mikono mitupu, kwa miaka kumi na minne. "Koti silijui," alikuwa akisema. "Ukinionyesha koti zima nitakuuliza hiki ni kitu gani." Lakini kiwandani hapo hapo, miaka mitatu iliyopita, mshonaji mwenzake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, na gari la kumpeleka hospitali likachelewa. Watu walikimbia huku na huku. Sindano alitandika vitambaa vya sare sakafuni kati ya cherehani mbili, akapiga magoti, akamwambia yule mama, "Nitazame mimi, usitazame mtu mwingine." Mtoto alitua mikononi mwake kabla gari halijafika. Jioni ile alipofika nyumbani alikula kwanza mpaka akamaliza. Kisha akamwambia mumewe, kwa sauti ambayo Msafiri hakuwahi kuisikia, "Mikono yangu imejua kitu leo." Tangu siku hiyo alianza kusoma. Alirudia mitihani ya shule aliyoiacha akiwa msichana, akafeli, akarudia, akafaulu, akaomba nafasi katika chuo cha ukunga. Mara mbili walimkatalia, akaomba mara ya tatu.

Ndivyo mambo yalivyokuwa pale Mwalimu alipoagiza fundi vioo.

Mwalimu alikuwa mama mjane aliyestaafu, mwembamba, mwenye sauti ya kufika dawati la nyuma. Tawi lilikuwa limemvunjia kioo cha dirisha la jikoni. Msafiri alifika saa tatu asubuhi, akaamkia, akaonyeshwa dirisha, akapima. Nyumba yenyewe haikuwa ya kuringia. Vyumba vitatu, sebule, jiko, bati lililoanza kushika kutu pembeni, ua mdogo wenye kamba ya kuanikia nguo. Lakini aliyeijenga alijua jua linapita wapi. Mwanga uliingia kupitia jikoni, ukakatiza sebule kwenye sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa mpaka ikawa kama maji, ukapanda ukuta wa pili na kukaa pale kama mgeni asiye na haraka. Msafiri alipomaliza kupachika, alirudi nyuma zile hatua mbili zake, na safari hii hakurudi upesi.

"Fundi," Mwalimu alimwita. "Fundi, unaumwa?"

"Hapana, Mwalimu. Naangalia kazi."

"Umeiangalia robo saa." Mwalimu alivuta kiti akaketi. "Basi iangalie vizuri, maana nauza. Binti yangu anataka nikakae naye, na mimi ngazi za mlangoni zimeanza kunishinda. Ukisikia mnunuzi mwenye heshima zake, mlete. Sitaki dalali."

Msafiri alisahau kuchukua malipo yake. Ilibidi Mwalimu amkimbilie mpaka nje, kwa ngazi hizo hizo na magoti yake mabovu.

Kuanzia hapo, nyumba ile ilimwingia kama homa. Alikuwa akikata vioo huku akipaka rangi chumba cha wasichana. Alitembea barabarani huku akihamisha kabati. Aliamua makochi yatazame mlango, siku ya pili akayageuza, siku ya tatu akamuuliza mkewe kwa ghafla, "Wewe ungependa makochi yatazame wapi?"

"Makochi gani?" Sindano aliuliza. Walikuwa na viti vinne vya plastiki na stuli.

Ndipo akamweleza. Jumapili walikwenda wote wawili kuiona. Sindano alipita chumba hadi chumba, akagusa kuta kwa kiganja kama anayepima joto la mtoto. Jikoni alisimama, mwanga ukamwangukia usoni, akafumba macho. Mumewe aliliona lile, akajua kwamba sasa hawezi kurudi nyuma.

Bei ilikuwa kubwa kuliko uwezo wao wa kuweka akiba hata wangeishi mara mbili. Lakini benki moja ilikuwa ikitoa mikopo ya nyumba kwa miaka kumi na tano, na mwenzake wa karakana, aliyejua mambo hayo, aliwapigia mahesabu nyuma ya boksi la vioo. Mshahara wake peke yake haungetosha, lakini ukijumlisha na wa Sindano, unatosha, tena bila kubanana sana. Mwalimu alikubali kuwasubiri wiki sita. Msafiri aliichukua fomu benki, kurasa nane, akaileta nyumbani imefungwa kwenye gazeti ili isishike putti.

Siku nne baadaye chuo cha ukunga kikajibu. Sindano alikuwa amechaguliwa.

Barua aliileta binti mkubwa kutoka kwa mwenye duka, aliyekuwa akipokea barua za mtaa mzima. Sindano aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi, kisha akampa mumewe. Masomo miaka mitatu, kila siku, asubuhi hadi jioni. Ada ingelipwa na serikali, lakini mshahara haungekuwepo. Chuo kingefunguliwa baada ya miezi mitatu, na nafasi haiahirishwi. Anayeikosa anaomba upya kama mtu mwingine yeyote.

"Hongera, mama watoto," Msafiri alisema, na alimaanisha kabisa. Wasichana walimrukia mama yao. Waliruka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna heri. Na katikati ya kelele ile Msafiri aliiona ile fomu ya benki juu ya kabati ndani ya gazeti lake, na alihisi kama mtu aliyebeba kioo kikubwa akafika kwenye mlango mwembamba.

Hawakuligusa jambo hilo kwa siku mbili. Siku ya tatu alikuja shemeji, mdogo wake Sindano, muuza simu, kijana wa maneno mengi aliyevaa viatu vya kung'aa hata kama anaenda bombani. Aliichukua fomu, akaipitia kwa kidole, akafika swali la kumi na saba na kulisoma kwa sauti:

"Je, kuna mabadiliko yoyote ya kipato cha kaya yanayotarajiwa ndani ya miezi ishirini na minne ijayo? Kama ndiyo, eleza."

Akacheka. "Hili si swali, shemeji. Hili ni shimo, wamelifunika majani. Andika hapana, piga sahihi, chukua nyumba. Dada aache kazi siku inayofuata. Nani atakuuliza? Wao wanataka pesa yao tu."

"Na hiyo pesa yao tutaipata wapi kila mwezi?" Sindano alimuuliza.

"Mtajua huko mbele. Watu wote wanajua huko mbele."

"Watu wote gani? Wewe mwenyewe kila mwisho wa mwezi unakuja kula hapa."

Shemeji alirudisha fomu kwenye gazeti kwa adabu.

Alipoondoka, mume na mke walibaki mlangoni. Uwanjani majirani walikuwa wakipanga ndoo kwenye bomba. Sindano alisema bila kumtazama, "Kuna njia nyingine. Nisiende. Tunaandika hapana na inakuwa kweli."

"Umesubiri nafasi hii miaka mitatu."

"Na wewe umesubiri nyumba tangu nikujue. Nikikuona unatazama madirisha ya watu, unadhani sijui uko wapi?" Alipangusa mikono kwenye kanga, mikono iliyokuwa mikavu. "Mimi nina umri wa miaka thelathini na nane. Nikikaa darasani na watoto wa miaka kumi na tisa watanicheka. Acha tu. Watoto wapate pa kulala penye mwanga."

Aliyasema kwa wepesi kama mtu anayegawa nguo iliyombana. Msafiri alipaswa kubisha. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakubisha, na jibu halikumpendeza. Hakubisha kwa sababu ndani yake kitu kilikuwa kimefurahi. Mkewe alikunja barua ya chuo mara nne, akaitia kwenye mfuko wa koti lake la mvua, na kwenye swali la kumi na saba Msafiri akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa vipimo: Hapana.

Mahojiano yaliwekwa Jumanne saa nne. Walivaa kama wanaokwenda harusini. Benki ilikuwa na baridi ya mashine, sakafu ya kujiona uso, na kuta za kioo kutoka chini hadi juu, vioo vya milimita kumi ambavyo Msafiri alivitambua kabla hajaketi. Afisa mikopo alikuwa dada wa makamo, mnene kidogo, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba ya shanga. Aliwaamkia vizuri, akawapa maji, akaanza kupitia karatasi. Slipu za mshahara. Mkataba wa karakana. Barua ya kiwanda. Alikuwa akisoma kwa midomo, bila sauti, na kila ukurasa aliuweka kifudifudi upande wa kushoto.

"Mama, kiwandani ni mwajiriwa wa kudumu?"

"Ndiyo."

"Miaka kumi na minne. Si mchezo. Unashona nini?"

"Mikono ya makoti."

"Na ataendelea kuwepo kazini?" Afisa aliuliza hivyo akimtazama Msafiri, labda kwa sababu yeye ndiye mwombaji wa kwanza kwenye fomu, huku kalamu imeshaelekea kwenye kisanduku cha kutia alama.

Msafiri alifungua mdomo ajibu, na mawazo yakasafiri.

Alikuwa kwa Mwalimu. Ni nyumba yao sasa, miaka imepita, mlango una rangi mpya. Aliingia kama alivyoingia mara elfu moja kichwani. Sakafu nyekundu ipo, mwanga upo, umekaa ukutani mahali pake. Makochi yanatazama mlango. Wasichana wapo, wamekua, mmoja anasoma, mwingine anasuka nywele. Akaenda jikoni kumtafuta mkewe, hakumkuta. Akafungua chumba cha kulala, kitanda kimetandikwa. Akatoka uani. Kamba ya nguo ilikuwa imeanikwa mikono ya makoti, mikono mitupu, mamia, inapepea pole pole bila mabega wala vifua, na nyuma ya mikono ile alisikia cherehani ikienda, inakwenda na kwenda, lakini kila alipofunua mkono mmoja palikuwa na mwingine. Hapo alishtuka. Katika nyumba mia tatu alizoishi, hakuna hata moja iliyowahi kumnyima mke wake.

"Mzee?" afisa alisema.

"Hapana," Msafiri alisema. "Hataendelea. Amechaguliwa chuo cha ukunga, miaka mitatu, hakuna mshahara. Anaanza mwezi wa tisa. Swali la kumi na saba nimeandika uongo. Naomba unipe nifute."

Sindano aligeuka akamtazama. Aliweka glasi yake ya maji mezani.

Afisa mikopo aliweka kalamu mezani. Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Unajua umefanya nini, baba?"

"Najua."

"Nikilibadilisha hili, nyumba mliyoomba haiwezekani. Nabaki na kipato chako tu. Nitakachoweza kuwapa ni kama nusu, na pengine chini ya hapo."

"Basi haiwezekani," Msafiri alisema, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu wake. "Lakini si vizuri mkono wangu uandike hivyo."

Afisa alimsogezea fomu. Msafiri alikata neno lile kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Ndiyo, akaeleza kwa maneno tisa, akapiga sahihi pembeni.

Walitembea mpaka mwisho wa barabara ya maduka. Mbele ya duka la magodoro Sindano alisimama. "Mbona hukuniambia?"

"Sikujua. Nimejua pale pale."

"Umejua nini?"

Alitafuta namna ya kusema asionekane amechanganyikiwa. "Nilikwenda kwenye ile nyumba kidogo. Nikakutafuta, nikakukosa."

Mtu mwingine angecheka. Sindano alikuwa ameishi naye miaka kumi na sita. Aliingiza mkono kwenye mkono wake, pale pale mbele ya magodoro, na wakaendelea kutembea. Mbele kidogo akasema, "Pesa ya usajili inalipwa Ijumaa." Halafu akaanza kulia, si sana, akalaumu vumbi.

Mwalimu alipopewa habari alivuta kiti akaketi. "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote," alimwambia Msafiri, "lakini siwezi kuwasubiri miaka mitatu, wanangu. Magoti yangu hayasubiri." Mwezi uliofuata nyumba ilinunuliwa na mwenye duka la dawa. Msafiri aliipita siku moja akiwa na kioo begani, akaona mafundi wakiivunja sakafu nyekundu ili waweke vigae. Alisimama. Kwa mara ya kwanza hakuhamia ndani. Alihisi uzito wa kioo begani, jua shingoni, kokoto ndani ya kiatu cha kushoto. Akaendelea na njia yake. Wiki zile karakana ilikuwa kimya upande wake. Wenzake walimuuliza amefika wapi na yeye akajibu, "Nipo," na jibu hilo liliwatia wasiwasi kuliko yote.

Sindano aliaga kiwandani mwisho wa mwezi. Wenzake walichanga wakamshonea zawadi kwa siri wakati wa mapumziko, koti zima, la kitambaa cha buluu, na lilimkaa sawasawa. Alilivaa siku ya kwanza ya chuo ingawa kulikuwa na joto.

Ilikuwa katikati ya muhula ule wa kwanza, fedha imebana mpaka wamejifunza kupika mara moja chakula cha siku mbili, pale simu ya Msafiri ilipolia akiwa juu ya ngazi. Alikuwa afisa mikopo.

"Baba, unanikumbuka? Fomu iliyokatwa mstari."

"Nakukumbuka, dada."

"Sikiliza. Kuna mteja wetu amehamishwa kikazi, hana mpango wa kurudi. Ana pagale lake, mbali kidogo na mji. Kuta zimesimama, bati lipo juu ya vyumba viwili, kwingine ni mbingu. Hana mnunuzi kwa sababu kila anayekwenda anaogopa. Milango hakuna. Madirisha hakuna hata moja. Bei yake inaingia kwenye kipato chako peke yako, nimeipiga hesabu mara mbili. Nikasema nikuulize wewe kwanza."

"Kwa nini mimi kwanza?"

Alimsikia akisita. "Nina mafaili mengi hapa ambayo najua si kweli, na nayapitisha kwa sababu siwezi kuthibitisha. Lako nalijua lilivyo. Ukisema utaweza, nitaamini."

Walikwenda Jumapili, wote wanne na shemeji, kwa barabara ya vumbi iliyopita mashamba ya mahindi. Pagale lilikuwa limesimama peke yake katika majani marefu kama kitu kilichosahauliwa na mwenyewe. Matofali yalikuwa na ukungu. Ndani mlikuwa mmeota mpapai sebuleni, mrefu kupita kuta, umetoka juu pale ambapo paa lingekuwa. Shemeji alizunguka mara moja kwa viatu vyake, akasema, "Hapa hata mwizi akija atawaonea huruma awaachie kitu." Binti mdogo alikuwa ameshapanda kwenye shimo la dirisha na kukaa, miguu inaning'inia nje.

Msafiri hakuangalia kuta. Aliangalia mashimo. Kumi na moja. Makubwa, ya kizamani, aliyeyaacha alitaka hewa. Upepo uliingia kwa huku ukatokea kule, majani yakiyumba ndani na nje kama nyumba inapumua. Alihisi kitu kikijivuta ndani yake taratibu kama mguu uliokuwa umekufa ganzi.

"Msafiri," Sindano alimwita kwa sauti ndogo. "Umefika wapi?"

"Subiri," alisema. "Napima."

Walitia sahihi mwisho wa mwezi ule. Kwenye fomu mpya swali la kumi na saba lilikuwepo vile vile. Safari hii afisa alilijaza mwenyewe, bila kumuuliza.

Miaka ile mitatu haikuwa rahisi, na Sindano hapendi watu waisimulie kana kwamba ilikuwa rahisi. Walihamia kwenye vile vyumba viwili vyenye bati, wakaziba madirisha kwa nailoni. Upepo ukivuma nailoni ilijaa na kunywea, na wasichana wakasema wanalala ndani ya tumbo la mnyama mkubwa mpole. Msafiri alifanya kazi mpaka Jumamosi mchana, na Jumapili alijifunza kupiga plasta, vibaya, mpaka leo ukuta wa korido una mawimbi. Masika ya kwanza maji yaliingia wakahamisha kitanda mara tatu katika wiki moja. Mwaka wa pili karakana ilikosa kazi miezi miwili, marejesho ya benki yakachelewa, na Sindano akakunja vitabu akasema anarudi kiwandani. Mumewe hakugomba. Aliuza baiskeli yake na simu yake, akaweka pesa juu ya vile vitabu, akatoka nje kufyeka majani. Sindano alizitazama pesa zile mpaka chai ikapoa, kisha akafungua kitabu cha juu.

Vioo aliviweka kimoja kimoja, vya mabaki. Mwenye karakana alimruhusu kuchukua vipande vilivyokataliwa, vyenye kiputo au mkwaruzo, vya rangi ya maji, vya moshi, vya chungwa, vya maua ya bafuni. Alivikata na kuviunga, kila dirisha na lake. Asubuhi mwanga uliingia umechanganyika, ukatambaa sakafuni vipande vipande, na mtu akipita katikati alibadilika rangi mara nne kabla hajafika jikoni. Mpapai hawakuukata. Walijenga paa kuuzunguka.

Sindano alimaliza chuo wa tatu kutoka juu, akiwa mkubwa kuliko mwalimu wake mmoja. Alipangiwa kituo cha afya kilicho mwendo wa nusu saa. Wanawake wa upande ule walimzoea upesi, na walipoizoea nyumba wakaanza kuja hata siku zake za mapumziko, mmoja na miguu iliyovimba, mwingine na swali moja tu ambalo kumbe ni saba.

Siku moja, mchana, alikuwa ametoka zamu ya saa ishirini na kitu, watoto watatu wamezaliwa, mapacha miongoni mwao. Alifika, akavua viatu mlangoni, akalala fofofo kabla Msafiri hajamaliza kumwekea maji ya kuoga. Ilikuwa Jumapili. Msafiri aliwaagiza wasichana wakasomee kwa jirani, akaketi nje kwenye kizingiti na kijiti mkononi kwa ajili ya kuku waliopenda kuja kupiga kelele chini ya dirisha.

Mwanamke kijana alitokea njiani, tumbo liko mbele, mumewe nyuma akimshikia mwavuli wa jua. Walisimama.

"Shikamoo baba. Hapa ndipo kwa mkunga?"

"Marahaba. Ndipo hapa."

"Na wewe ni mlinzi wake?" aliuliza yule mume, kwa heshima kabisa, akiangalia kile kijiti.

Msafiri alifikiri kidogo. "Ndiyo," alisema. "Amelala sasa hivi. Kama hakuna haraka, kaeni hapa kivulini."

Aliinuka akawatolea viti viwili, akaingia ndani akinyata kuwaletea maji ya kunywa.